Betri ya lithiamu kwenye pikipiki: soma Wh kabla hujatoa hela, na pima chaji kabla hujafunga

Fundi_Ngamiani

Wakuu, salaam. Niko Tanga mjini, Ngamiani, kazi yangu ni umeme wa pikipiki. Ndani ya wiki mbili nimeletewa betri nne za lithiamu zilizokufa, na kila mwenye betri ananiambia neno lile lile: "Fundi, nimeuziwa feki." Nimezifungua na kuzipima zote. Moja ndiyo ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Tatu tumeziua wenyewe, madereva na mafundi, kwa kutojua. Inaniuma, maana kijana wa boda anajinyima kununua betri ya bei halafu inamfia haijamaliza mwezi. Ndiyo maana nimeona niandike.

Nieleze moja kwa kirefu.

Kijana anapaki Kange, pale stendi. Pikipiki ni ya mkataba, tajiri kafunga GPS, kile kifaa cha kufuatilia pikipiki ilipo. Betri ya maji, yaani ya risasi, ilishamchosha: maji yanakauka kila mara, na asidi imekula fremu chini ya kiti mpaka rangi ikabanduka. Akashauriwa achukue lithiamu. Kwenye boksi pameandikwa Ah 7 (ampea-saa, kipimo cha akiba ya umeme), herufi kubwa nyekundu. Akaifunga, stata ikapiga mara moja kama pikipiki imetoka dukani jana. Wiki ya tatu akashikwa na malaria, pikipiki ikalala ndani siku saba. Alipopata nafuu akageuza ufunguo: kimya, hata taa ya dashibodi haikuwaka. Akaipeleka kwa fundi wa jirani, akapima akakuta sifuri, akaitundika usiku kucha kwenye chaja ya betri za gari, ile yenye kitufe cha kufufua betri iliyolala. Asubuhi ikakutwa ubavu mmoja umefura kama andazi.

Aliponiletea niliigeuza nyuma, pale penye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma dukani. Pameandikwa Wh 30 (wati-saa, yaani volti mara Ah). Gawa 30 kwa volti 12.8, unapata Ah 2.3. Hiyo ndiyo akiba halisi ya umeme iliyomo ndani. Ile 7 ya mbele ni hesabu ya kibiashara: baadhi ya watengenezaji huandika "sawa na betri ya risasi ya Ah 7", wakimaanisha nguvu ya kupiga stata. Kwa stata ni kweli, kwa sababu lithiamu inatoa ampea nyingi kwa mkupuo. Kwa akiba si kweli hata kidogo.

Nikazima swichi, nikachomoa waya wa hasi, nikaweka mita katikati ya waya na betri. GPS peke yake inakula miliampea 20. Ukiiona ni kidogo mno. Lakini Ah 2.3 ukigawa kwa ampea 0.02 ni saa 115, siku tano hazijatimia. Betri ya risasi ya Ah 7 kamili ingesukuma mpaka saa 350, wiki mbili. Kwa hiyo kijana alibadilisha betri yenye akiba ya wiki mbili kwa yenye akiba ya siku nne na ushee, akiamini ni ile ile, halafu akaugua siku saba.

Na pale ilipoonyesha sifuri, betri ilikuwa bado hai. Ndani ya lithiamu nzuri mna kibodi cha ulinzi, yaani bodi ndogo ya umeme, wanakiita BMS. Seli zikishuka kupita kiasi kinakata njia, ndiyo maana mita inasoma sifuri. Betri imejifungia. Chaja ya lithiamu ingeiamsha polepole ikarudi kazini. Kitufe cha kufufua ni dawa ya ugonjwa mwingine: betri ya risasi ikikaa bila chaji, sahani zake hujenga sulfeti, ukoko mgumu, na chaja inapiga mapigo ya volti za juu kuivunja. Lithiamu haina sulfeti. Mapigo yale yanaishia kwenye kibodi, yanachoma transista zake, na toka hapo seli zinapokea umeme bila mlinzi.

Ombi langu kwa mafundi wenzangu wa Tanga: mteja akikuletea betri nyepesi isiyo na vifuniko vya maji, soma ubavuni kwanza. Ukiona "Li" au "LiFePO4" (aina mojawapo ya lithiamu), chaja ya gari iweke pembeni.

---

Mzee_wa_Chuda

Nimeendesha pikipiki tangu zile za volti 6 na kiki tupu. Betri ya maji nilijua nikiongeza maji na kuiosha vichwa inanipeleka miaka miwili. Sasa fundi, hii lithiamu mnatuletea ya nini? Mimi sioni shida iliyokuja kutatua.

---

Fundi_Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki na nitalijibu bila kumtetea muuza duka.

Uzuri wake upo. Haina asidi ya kula fremu wala maji ya kuongeza. Ikikaa bila kitu kinachoinyonya inapoteza chaji kidogo sana kwa mwezi, wakati ya risasi inajimaliza yenyewe, na joto letu la Januari na Februari linaharakisha. Inavumilia kuchajiwa na kutumiwa mara nyingi kuliko risasi. Wepesi wake unawasaidia wenye pikipiki za mashindano, sisi wa kubeba abiria wawili na gunia la mkaa hautuongezei kitu.

Lakini kwa boda ya mkataba yenye GPS, inayopigwa kiki asubuhi na kuzunguka kutwa, mimi nasema betri kavu nzuri ya risasi bado inatosha. Nimewarudisha wateja wawili wenye pikipiki za namna hiyo wakanunue betri kavu, na hela iliyobaki waweke tairi. Lithiamu namshauri mwenye pikipiki ya stata inayowaka vizuri, chaji imepimwa, na yuko tayari kununua yenye Wh za kutosha.

---

Pongwe_Kwetu

Fundi asante. Mimi nina mita nyumbani. Nilinunua lithiamu mwezi uliopita, nikiipima asubuhi inasoma 12.8. Si ndiyo imejaa hiyo? Juzi stata ilipiga nusu ikaacha.

---

Fundi_Ngamiani

Hapo ndipo wengi tunapotea ndugu yangu, hata mafundi. 12.8 kwa betri ya risasi ni tumbo limejaa. Kwa lithiamu ya aina ya LiFePO4, hiyo 12.8 iliyotulia maana yake imebaki chini kabisa, robo haifiki. Ikijaa na kutulia inasoma 13.3 mpaka 13.4. Ikisoma 13.2 bado iko vizuri. Ikishuka 13.0 anza kuitafutia chaji.

Sababu ni seli zenyewe. Ndani kuna seli nne zimepangwa mstari mmoja, kila moja volti 3.2, jumla 12.8. Hiyo ni namba ya jina tu. Na volti zake hazishuki taratibu kama za risasi: zinakaa karibu pale pale muda mrefu, halafu mwishoni zinaporomoka ghafla. Mtu aliyezoea taa kufifia kidogo kidogo kama onyo, hapa halipati hilo onyo.

Usipime ukiwa ndiyo kwanza umezima injini, iache saa kadhaa. Halafu tuambie pikipiki yako inachaji volti ngapi ikiwa inanguruma.

---

Mvuvi_DeepSea

Mimi nabeba samaki kutoka Deep Sea kupeleka Muheza, kila siku. Fundi wangu aliniwekea lithiamu akaniambia hii huigusi tena maisha yako. Miezi minne, stata ikaanza kugoma, nikiitingisha betri inawaka. Nilidhani imekufa.

---

Fundi_Ngamiani

Kaka, hiyo betri inawezekana ni nzima kabisa. Tenga lako linachuruzisha maji ya barafu yenye chumvi, yanashuka ubavuni mwa kiti mpaka kwenye vichwa vya betri. Nimeona pikipiki za pale: ukifungua kiti unakuta unga wa kijani kwenye boliti na waya umekuwa mweusi ndani ya plastiki yake. Halafu vichwa vya lithiamu vingi ni vidogo, boliti nyembamba, na ikilegea kidogo ampea za stata hazipiti.

Fanya hivi. Chomoa waya hasi kwanza, kisha chanya. Futa kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, usimwage. Kausha kabisa. Piga msasa laini kwenye shaba mpaka ing'ae, kaza boliti kwa mkono wa kawaida bila kuikomoa, kisha paka mafuta ya mgando juu. Unarudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Ukikuta waya umeoza ndani, kata uingie kwenye shaba nzima na ubane kichwa kipya. Kwa kazi yako rudia kila wiki mbili, na weka mpira wa tairi la ndani chini ya tenga, ukingo wake ushuke nje ili maji yaangukie barabarani.

---

Mvuvi_DeepSea

Nimefungua leo baada ya swala ya Alasiri. Ni kama uliiona. Ule unga wa kijani, na waya wa hasi ulibaki nyuzi tatu nne hivi zilizokuwa zimeshika. Nimekata, nimebana kichwa kipya, imewaka kwa mguso mmoja. Mungu akulipe.

---

Umeme_Mikanjuni

Na mimi nichangie upande wa pikipiki za umeme kamili, kwa sababu vijana wengi wanahamia huko na betri ndiyo pikipiki yenyewe. Yangu ni ya volti 72, Ah 40, naendesha mwaka wa pili. Piga hesabu: 72 mara 40 ni Wh 2,880, karibu uniti tatu za LUKU, ongeza kidogo kwa joto linalopotea kwenye chaja.

Mambo niliyojifunza. La kwanza ni joto. Nikitoka Pongwe na mzigo, betri inakuwa ya moto mkononi. Zamani nilikuwa nafika nachomeka palepale ili niwahi abiria wa jioni. Siku hizi naipumzisha kivulini nusu saa au zaidi, naigusa kwa kiganja, ikiwa vuguvugu ndiyo nachomeka. Seli nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45, na Tanga mchana wa jua la kaskazi, chuma kilichoachwa juani kinafika huko kirahisi.

La pili siisubiri iishe. Ikifika asilimia 20 narudi. Lakini mara moja kwa wiki naiacha ijae mpaka mwisho na chaja ikae kidogo baada ya kujaa, kwa sababu yangu ni LiFePO4 na kibodi chake kinasawazisha seli pale juu. Nilipokuwa nakata kila siku kwenye 80, baada ya miezi miwili asilimia zikaanza kudanganya: inaonyesha 30, mara inazima.

La tatu ni chaja, na hili lilitaka kutuletea msiba. Jirani yangu ana pikipiki nayo inaitwa ya volti 72. Chaja yake ikaungua, akaazima yangu. Plagi inaingia sawasawa. Nashukuru nilisoma kibandiko kabla hajaondoka. Yangu ina seli 24 za LiFePO4, chaja inatoa volti 87.6. Yake ina seli 20 za lithiamu ya aina ya nikeli, zile zinazojaa kwa 4.2 kila moja, yaani 84 tu. Angeweka yangu, kila seli ingesukumiwa karibu 4.4. Hapo uhai wa nyumba yake ungekuwa mikononi mwa BMS peke yake. Jina la volti 72 ni moja, betri ni mbili tofauti.

---

Fundi_Ngamiani

Wote wenye pikipiki za umeme someni hiyo ya tatu mara mbili. Chaja iandikeni jina la mwenyewe kwa rangi.

Niongeze: ukiambiwa na fundi "BMS inasumbua, tuiruke tuunge moja kwa moja", chukua betri yako uondoke. BMS inayokata ina sababu. Ama seli moja imechoka, ama ampea zimezidi, ama joto. Ukiiruka umeondoa kengele na kuuacha moto.

---

Binti_Sahare

Kaka fundi, na mimi naomba kuuliza. Mume wangu anachaji betri ya pikipiki ya umeme ndani usiku, kwenye korido, karibu na mlango wa mbele, kwa hofu ya wezi. Ameunganisha na ekstensheni ile ile ya friji. Vyumba vyetu viko nyuma, watoto wanalala huko. Mvua za masika zilizopita maji yaliingia barazani na betri ikalowa chini. Inafanya kazi bado, lakini naona kama upande mmoja umejaa kidogo. Naogopa, ila yeye anasema nina wasiwasi tu.

---

Fundi_Ngamiani

Dada yangu, wasiwasi wako una msingi na mwonyeshe mumeo jibu hili leo hii.

Betri iliyolowa na sasa imevimba isichajiwe tena, hata mara moja ya mwisho. Kuvimba ni gesi imezalika ndani ya seli. Itolewe nje kwa utulivu, isitobolewe, isibanwe, isiangushwe, iwekwe uani juu ya mchanga, mbali na ukuta wa mbao, makuti na mitungi ya gesi, isipigwe jua. Kisha aipeleke kwa waliomuuzia au kwa fundi anayezijua betri hizi. Asiitupe jalalani, watoto wa mtaani wataichezea.

Pili, korido. Nyumba zetu nyingi za hapa mlango wa mbele uko mwisho wa korido, na vyumba vyote vinafungukia humo. Betri ikishika moto pale, mmefungiwa ndani. Hata asiyejua umeme atalielewa hilo. Achajie sehemu ambayo ikiwaka ninyi bado mna pa kutokea: banda la uani lenye kufuli, sakafu ya saruji, bila nguo wala godoro karibu. Achaji jioni mkiwa macho, achomoe kabla ya kulala. Na soketi iwe yake peke yake, asiichangie na friji.

---

Umeme_Mikanjuni

Shemeji yetu asiikasirikie hii. Mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo mpaka tulipozozana na mama watoto. Nikajenga kabanda ka matofali uani, mlango wa bati, tundu za hewa juu na chini. Wezi hawajafika na usingizi umerudi.

Na ikitokea moshi, dada: toa watu kwanza, acheni pikipiki. Moshi wa betri hizi ni sumu, usiuvute, na usirudi ndani kuokoa kitu. Piga 114 Zimamoto, useme wazi kwamba kinachoungua ni betri ya lithiamu. Unga wa mtungi wa kuzimia moto (si unga wa chakula) au mchanga unaweza kufunika miali kwa muda, lakini ndani seli zinaendelea kupashana moto, moja inaiwasha ya pili. Kinachoipoza ni maji mengi kwa muda mrefu, hiyo kazi waachieni wao. Na hata ukiona umezimika, betri inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa.

---

Binti_Sahare

Amesoma. Betri iko uani sasa hivi, juu ya mchanga, amezungushia matofali. Kesho anaipeleka. Ahsanteni kaka zangu, nimelala vibaya siku nyingi.

---

Mzee_wa_Chuda

Bibie umefanya vyema kuuliza. Fundi, nirudi kwako. Hiyo ya kupima chaji kabla ya kufunga hujaieleza, na kichwa cha uzi umeiandika.

---

Fundi_Ngamiani

Kweli mzee, nilipitiwa. Ni hivi. Pikipiki ya petroli inachaji betri kupitia magneto, inayozalisha umeme injini ikizunguka, na regulata, inayozuia volti zisizidi. Betri ya risasi ni mvumilivu: regulata ikianza kuchoka na kupandisha volti, yenyewe inachemsha maji tu, nawe unaongeza. Ndiyo maana pikipiki nyingi za hapa zina regulata mbovu na mwenyewe hajui, anajua tu betri yake "inakunywa maji". Hiyo hiyo ukiifungia lithiamu inaiua.

Washa pikipiki, betri ya zamani ikiwa bado imefungwa na ina chaji. Mita iweke volti za DC, nyaya kwenye vichwa vya betri. Soma ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kuvuta mafuta, kisha vuta mafuta mpaka injini ichangamke na ushikilie hapo, taa ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Unataka kuona kati ya 13.8 na 14.4, isivuke 14.6. Ikigusa 15 usifunge lithiamu kabisa, badili regulata kwanza. Ikibaki chini ya 13.5 hata ukivuta mafuta, lithiamu haitajaa, ndiyo hali ya 12.8 ya yule ndugu wa Pongwe.

Na kamwe msichomoe betri injini ikinguruma. Betri ndiyo inayotuliza volti za magneto. Ukiitoa, zinaruka juu na kuondoka na balbu, regulata na pengine CDI, kile kifaa kinachotoa umeme wa cheche ya plagi. BMS ikikata pikipiki ikiwa barabarani matokeo ni yale yale, kwa hiyo regulata mbovu inaweza kukuunguzia vitu vitatu kwa siku moja.

---

Pongwe_Kwetu

Fundi nimepima kama ulivyosema. Silensa 13.1. Nikivuta mafuta taa imezimwa 13.3, nikiwasha taa inarudi 12.9.

---

Fundi_Ngamiani

Basi betri yako inashindishwa njaa. Anza na vitu vya bei rahisi: plagi ya waya zinazotoka magneto kwenda regulata. Ichomoe uitazame, je, ina weusi au plastiki imeyeyuka? Kisha waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi.

---

Pongwe_Kwetu

Plagi moja imeyeyuka upande. Nimekata, nimeunga waya kwa kulehemu na risasi, nikafunika na mpira wa joto. Sasa silensa 13.7, nikivuta mafuta 14.2, na taa imewashwa 14.0.

---

Fundi_Ngamiani

Safi sana. Sasa iendeshe mpaka Muheza na kurudi, zima, ilaze usiku, upime kesho asubuhi kabla hujagusa swichi.

---

Pongwe_Kwetu

Asubuhi hii, saa kumi na mbili na nusu: 13.3. Stata imepiga mara moja.